CUDA na OpenCL kwenye kadi moja: mbona moja inaipita nyingine karibu mara mbili?

#1 MwanaMkomani (Amu)
Salaam wana jukwaa. Nina jambo limeninyima usingizi wiki nzima, nalileta kwenu.

Nashughulika na picha za setilaiti za mikoko yetu, tangu Mkunumbi hadi Kiunga. Nataka kujua wapi miti imerudi na wapi imekwisha tangu katazo la kukata la 2018. Picha ni za Sentinel-2. Kila kipande kina pikseli 10980 kwa 10980, na pikseli moja ni mita 10 ardhini. Kwa kila pikseli nachukua mwanga mwekundu na ule wa infraredi ya karibu, natoa, najumlisha, nagawanya, napata kipimo cha ukijani, NDVI. Hesabu ya mtoto wa shule, ila ni ya pikseli milioni 120 kwa kipande kimoja, na vipande ninavyo mamia.

Kadi yangu ya michoro ni GTX 1060 ya NVIDIA ya GB 6, mtumba. Nimeandika programu mara mbili, kwa CUDA na kwa OpenCL, njia mbili za kuifanya kadi ipige hesabu. Mikono ileile, kompyuta ileile, kadi ileile. CUDA inamaliza kipande kwa milisekunde 92. OpenCL inachukua 168. Nimerudia mara ishirini ishirini, majibu hayayumbi.

Dai langu: OpenCL ni nzito kwa asili yake. Anayepinga aje na hoja, nitamsikiliza.

#2 Kasia32 (Malindi)
Mbona hilo liko wazi bwana. CUDA imetengenezwa na wenye kadi wenyewe, NVIDIA. OpenCL ni ya AMD, wameiga baadaye CUDA ilipopata soko 2009. Mgeni hawezi kuijua nyumba kuliko mwenyeji. Baki na CUDA, shughuli imekwisha.

#3 Bi_Takwimu (Malindi)
Kasia32, tuziweke tarehe sawa kwanza. CUDA ilitangazwa Novemba 2006 pamoja na GeForce 8800 GTX, toleo la kwanza likatoka 2007. OpenCL haikuanzishwa na AMD. Iliasisiwa na Apple, ikapelekwa Khronos Group, muungano wa makampuni unaoweka viwango vya wazi, na toleo la 1.0 likapitishwa Desemba 2008. AMD, Intel, hata NVIDIA wenyewe walikuwa mezani. Na Apple aliyeizaa ndiye aliyetangaza 2018 kuwa anaiacha kwa ajili ya Metal, lugha yake mwenyewe ya kadi.

MwanaMkomani, kwako nitarudi baada ya isha. Hiyo 92 na 168 inanitia shaka.

#4 SabakiNyekundu (Malindi)
Mimi nina RX 580 ya AMD, ilitoka kwa mtu aliyekuwa akichimba sarafu za mtandaoni. CUDA kwangu haiwaki kabisa, kwa hiyo kasi yake kwangu ni sifuri. Hilo nalo lihesabiwe mnapolinganisha.

#5 PwaniGiza
Nafuatilia. Asante kwa uzi.

#6 FundiLangoni (Amu)
Wanangu, kabla hamjailaumu programu, fungueni sanduku. Miaka yote nafungua kompyuta za kisiwa hiki na adui wangu ni chumvi. Mwaka jana mteja aliniletea mashine kadi imekuwa goigoi. Nikapiga `nvidia-smi -q`, nikateremka hadi palipoandikwa upana wa PCIe, njia inayounganisha kadi na kompyuta: kadi ya x16 inakwenda x4. Nikaichomoa. Miguu yake ya dhahabu ilikuwa na utando wa kijani kama ule wa senti ya zamani. Nikaisugua polepole kwa kifutio cha penseli, nikapitisha pamba yenye spiriti, nikairudisha. x16.

Angalia wakati kadi iko kazini lakini. Ikipumzika hujipunguzia kasi ya njia yenyewe kuokoa umeme, utaingia hofu ya bure.

#7 Kasia32
Ami FundiLangoni, heshima yako, lakini chumvi haichagui. Ingekuwa ni kutu, CUDA nayo ingechelewa.

#8 FundiLangoni
Ingechelewa kama zilipimwa siku moja. Alipima siku moja?

#9 MwanaMkomani
La, ami. CUDA nilipima Jumatatu, OpenCL Alhamisi. Nimeangalia sasa hivi kadi ikifanya kazi: x16. Lakini Alhamisi ilikuwaje sijui.

#10 Bi_Takwimu
Nimerudi. Kaeni na kalamu.

10980 × 10980 ni pikseli 120,560,400. Kila pikseli ya bendi moja ni baiti 2. Bendi mbili, basi, ni kama MB 482. Jibu unaliandika kwa floti, namba yenye desimali, ya baiti 4, hiyo ni MB 482 nyingine. Jumla ya mzigo unaopita kwenye memori ya kadi ni kama MB 964. GTX 1060 ya GB 6 ina memori inayosukuma GB 192 kwa sekunde. Gawanya. Unapata milisekunde 5.

Yaani kerneli yako, ile hesabu ya kutoa na kugawanya, haina sababu ya kuzidi milisekunde 5 au 6. Wewe unasoma 92 na 168. Zilizobaki zimekwenda wapi?

Ziko njiani. Zile MB 482 zinapanda kutoka memori ya kompyuta hadi kwenye kadi, na MB 482 za majibu zinashuka. PCIe 3.0 ya x16 kwenye karatasi ni karibu GB 16 kwa sekunde, kwa vitendo ukipata 12 umebahatika. MB 964 kwa GB 12 ni milisekunde 80. Ongeza 5 za kerneli na makombo ya hapa na pale, unafika 92 yako ya CUDA. Inaingia vizuri kabisa. Hiyo 168 ndiyo mzigo unaopanda na kushuka kwa GB 6 kwa sekunde, nusu ya kasi. Kwa nini nusu, nina dhana, lakini nionyeshe kwanza mistari unayotenga memori katika programu zote mbili. Usinisimulie, ibandike.

#11 MtuWaMatondoni (Amu)
Bi Takwimu amenena. Nyumbani tulikuwa tukipakia boriti. Wakataji wawe hodari vipi, wakate korija kumi kwa siku, jahazi ni moja na maji ya kutokea hori ni mara mbili kwa siku. Boriti zalala ufuoni. Shida haikuwa shoka, ilikuwa ni ndiya.

#12 Kasia32
Matondoni bado mwasema "ndiya" nanyi mwatumia intaneti, hahaha.

#13 MtuWaMatondoni
Ndiya ni ndiya. Wewe wa Malindi sema njia, tutakutana gatini.

#14 MwanaMkomani
Bi Takwimu, hii hapa. Kwenye CUDA nimetumia `cudaMallocHost`. Niliinakili kwenye mfano mmoja bila kuuliza ni ya nini. Kwenye OpenCL nimetumia `malloc` ya kawaida ya C, halafu `clEnqueueWriteBuffer`.

#15 Bi_Takwimu
Ndiyo hiyo. `cudaMallocHost` inakupa memori iliyotiwa nanga. Mfumo wa kompyuta hauruhusiwi kuihamisha wala kuitupa kwenye diski, kwa hiyo kadi inavuta data moja kwa moja. Memori ya `malloc` haina nanga. Draiva inalazimika kuinakili kwanza kwenye ghala lake dogo lenye nanga, kipande kwa kipande, ndipo kadi ivute. Mzigo unabebwa mara mbili.

OpenCL nayo ina nanga, ila haiitwi kwa jina lake. Tengeneza bafa kwa `CL_MEM_ALLOC_HOST_PTR`, ifungue kwa `clEnqueueMapBuffer`, andika picha humo, kisha tuma. Jaribu, utuambie.

#16 BintiShela (Amu)
Na mimi niongeze swali, kaka. Ule muda ulianza kuhesabu kabla au baada ya `clBuildProgram`? OpenCL inaikusanya kerneli programu ikiwa tayari inakimbia, CUDA yako ilikusanywa mapema na nvcc, kompaila yake. Ukiweka saa mahali pabaya, unaipima kompaila.

Halafu kerneli haikusubiri. Ukiituma, mstari unaofuata unaendelea papo hapo huku kadi bado inahangaika. Bila `cudaDeviceSynchronize` upande mmoja na `clFinish` upande wa pili, saa yako inapima muda wa kuagiza chakula, wala si wa kukipika. Nimeona mtu chuoni akijisifu kerneli yake inamaliza kwa maikrosekunde 8. Alikuwa hajasubiri.

#17 MwanaMkomani
Dada, nasubiri pote pawili, na kukusanya nimekuweka nje ya saa. Hilo nilijihadhari nalo.

Bi Takwimu, nimetia nanga. OpenCL imeshuka kutoka 168 hadi 99! Nimekaa naangalia namba kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. CUDA bado 92.

#18 Kasia32
Alhamdulillahi, na bado CUDA iko mbele kwa 7. Nilisema.

#19 SabakiNyekundu
Kasia, juzi ilikuwa mbele kwa 76. Unaona mchanga unavyokuondoka miguuni?

#20 BintiShela
Pima kerneli peke yake, bila safari. CUDA tumia matukio yake, OpenCL washa `CL_QUEUE_PROFILING_ENABLE`.

#21 MwanaMkomani
Kerneli peke yake: CUDA 5.6, OpenCL 7.9. Hapa hakuna PCIe tena, ni kadi na memori yake tu. Kwa hiyo OpenCL ina uzito kweli?

#22 BintiShela
Ukubwa wa kikundi cha kazi, yaani nyuzi za hesabu zinazotumwa pamoja, uliandika ngapi kwenye OpenCL?

#23 MwanaMkomani
Nimeacha NULL, yaani wazi. Nimesoma kwamba draiva itachagua bora.

#24 BintiShela
Draiva itachagua kinachowezekana, na hapo ndipo kaka umenaswa.

NVIDIA inaendesha nyuzi 32 kwa mpigo mmoja, zinaitwa wapu. Ni kama mashua yenye makasia 32. Ukiweka wapigaji 20, makasia 12 yanakaa bure lakini mashua ni ileile. Sasa, OpenCL 1.2 ina sharti: jumla ya kazi lazima igawanyike sawasawa kwa ukubwa wa kikundi. Chukua 10980 uigawanye kwa 32. Inatoka 343 na masalio. 10980 ni 4 × 9 × 5 × 61, haina nguvu za mbili zaidi ya 4. Hata ukiitandaza picha yote kwa mstari mmoja, pikseli 120,560,400 zinagawanyika kwa 16 na kuishia hapo. Draiva haiwezi kukupa 64 wala 256 hata ikitaka. Inatafuta namba nyingine inayogawanyika, na mara nyingi haikai vizuri kwenye wapu.

Kwenye CUDA ulifanyaje? Nina hakika uliandika vikundi vya 256, ukakweza idadi ya vikundi juu kidogo, kisha ndani ya kerneli ukaweka sharti kwamba uzi uliovuka mwisho wa picha urudi bila kufanya kitu. Fanya vivyo hivyo kwenye OpenCL. Upana usiwe 10980, uwe 11008, ambayo ni 344 × 32, na sharti liwe mlemle.

#25 MwanaMkomani
Nimefanya hivyo hivyo ulivyosema kwenye CUDA, kama ulikuwa umesimama nyuma ya kiti changu. Nimekweza OpenCL nayo: kerneli 5.7. Dhidi ya 5.6.

Safari nzima sasa OpenCL 97, CUDA 92.

#26 PwaniGiza
Leo nimejifunza kwa nini 10980 ni namba korofi. Asanteni.

#27 Mlinzi_Ngomeni (Malindi)
Nimewasoma tangu mwanzo. Kuna tafiti mbili za kale zinazofanana sana na safari ya kijana huyu. Ya kwanza ni ya 2010, wakalinganisha CUDA na OpenCL kwenye kadi ya NVIDIA, wakaona CUDA mbele kila mahali. Mwaka uliofuata watu wa Delft, Uholanzi, wakachukua programu 16 wakaona CUDA inazidi kwa asilimia isiyopita 30 kwa nyingi kati yake. Wakachimba ile tofauti, mmoja mmoja. Wakakuta chanzo ni ulinganishaji usio wa haki: huku kerneli imeboreshwa, kule haikuboreshwa, kompaila hii imefanya hiki, ile haikufanya. Walipozisawazisha, OpenCL ikasimama bega kwa bega.

#28 Kasia32
Mzee wangu, hiyo ni 2011. Tangu hapo NVIDIA wameiacha OpenCL yao ikae 1.2 kuanzia 2015 hadi 2021 walipokubali 3.0, na 3.0 yenyewe imefanya mengi ya 2.x kuwa hiari. Anayelima shamba moja kila siku na jingine mara moja kwa miaka sita, atavuna sawa?

Na tena mnapima kitu chepesi mno. NDVI ni memori tupu, hapo hata Vulkan, njia nyingine ya kuiamuru kadi, hata chochote, vitafanana kwa sababu vyote vinasubiri memori ileile. Leteni kazi inayotafuna hesabu. Nguvu ya CUDA haiko kwenye lugha, iko kwenye maktaba zake. cuBLAS kwa matriksi, cuFFT kwa mawimbi, cuDNN kwa mitandao ya neva. Watu wamekaa miaka wakizinoa kwa kila kizazi cha kadi. Kadi mpya zina tensa kori, sehemu maalumu za kuzidisha matriksi, na OpenCL ya kawaida haina mlango wa kuzifikia. Mwenye kuandika kwa OpenCL ana CLBlast, ni kazi nzuri ya watu wachache wenye moyo, lakini analinganishwa na jeshi. Nasema hili kwa uzito, sina utani hapa. Nimewahi kuandika mwenyewe kuzidisha matriksi kwa siku tisa, nikajivunia, kisha nikaita mstari mmoja wa cuBLAS ukanipita mara nne.

#29 Bi_Takwimu
Hoja ya maktaba naikubali, ni nzito. Lakini kijana hatumii maktaba yoyote.

Na kuna jambo limenisumbua. NDVI ina kugawanya. CUDA kwa kawaida yake, usipogusa swichi, inagawanya floti kwa usahihi kamili wa kiwango cha IEEE. OpenCL kwa kawaida yake inaruhusiwa kupotoka hadi ULP 2.5, yaani hatua mbili na nusu za tarakimu ya mwisho. Kugawanya kwa usahihi ni ghali. Kwa hiyo kama kungekuwa na wa kupewa nafuu hapa, ni OpenCL, nayo ndiyo iko nyuma! Au usahihi umefichwa na memori, hesabu inaisha wakati data bado haijafika. MwanaMkomani, majibu ya programu zako mbili yanafanana hadi desimali ya mwisho?

#30 MwanaMkomani
Subhanallah, sikuwahi kulinganisha hadi mwisho. Nimelinganisha sasa. Kuna pikseli zinatofautiana kwenye desimali ya saba. Nikikusanya OpenCL kwa `-cl-fp32-correctly-rounded-divide-sqrt`, zinalingana zote. Muda haukubadilika.

#31 BintiShela
Hili linanihusu. Mimi naandika kwa SYCL, njia nyingine ya kuandikia kadi, natumia kompaila ya Intel. Niliwahi kutangaza darasani kwamba SYCL imeipita CUDA kwa robo. Kumbe kompaila ile huanza ikiwa imewashwa hesabu za haraka zisizojali usahihi, na nvcc huanza ikiwa imezizima. Nilikuwa nashindanisha mkimbiaji aliyekata kona na aliyefuata mstari. Nilirudi darasani nikalisahihisha mbele ya wote. Tangu siku ile swichi ndizo za kwanza kutazama.

#32 Kasia32
Basi kaka toa PTX za pande zote mbili. Kwenye NVIDIA, CUDA na OpenCL zote hupita PTX kabla ya kuwa lugha ya kadi. Zikilingana, kerneli ni moja.

#33 MwanaMkomani
Nimetoa. Mpangilio karibu sawa, isipokuwa OpenCL inahesabu anwani kwa maagizo matatu ya ziada kwa sababu ya `get_global_id`. Hiyo 0.1 ya kerneli nadhani iko hapo. Lakini 5 za safari nzima hazielezeki kwa maagizo matatu.

#34 SabakiNyekundu
Mnipe nafasi. Nimechukua programu ya OpenCL ya MwanaMkomani kama ilivyo, na vikundi vyake vya 256, nikaiendesha kwenye RX 580 kwa Rusticl, ile OpenCL iliyoingia 2022 kwenye Mesa, mkusanyiko wa draiva huria. Sijagusa mstari. Kerneli 4.5, chini ya CUDA yake. Kadi yangu ina GB 256 kwa sekunde, ndiyo sababu, sidai ushindi wa lugha. Na 256 inagawanyika kwa 64, ambayo ndiyo mpigo wa kadi zetu za kizazi hiki, kwa hiyo kikundi kilekile kimefaa huku na huku.

Kasia, CUDA yako uilete kwangu tuone.

#35 Kasia32
Itafsiri kwa HIP, lugha ya AMD inayofanana na CUDA. Majina yanabadilika tu, `cudaMalloc` inakuwa `hipMalloc`. Frontier, kompyuta kuu kule Oak Ridge, Marekani, iliyovuka eksaflopu (hesabu bilioni bilioni kwa sekunde) 2022, inaendeshwa kwa kadi za AMD na HIP.

#36 SabakiNyekundu
Frontier wana MI250X. Mimi nina RX 580, na ROCm ya sasa, programu za AMD zinazobeba HIP, haikuitaja kwenye orodha yake. Mtu wa pwani anachukua kadi aliyoipata, hachagui kama aliye na maabara.

#37 FundiLangoni
Hamjaulizana joto. Kijana, mashine iko wapi, chini au juu?

#38 MwanaMkomani
Juu, ami, chini ya makuti. Chini wamelala wazee.

#39 FundiLangoni
Ishushe. Chumba cha chini cha nyumba ya mawe, kuta zina unene wa mkono mzima, baridi yake hata saa saba mchana hujui jua liko wapi. Juu chini ya makuti upepo ukikata ni tanuri. Kadi za kizazi hicho zikifika nyuzi 83 za joto huanza kujipunguzia mwendo. Ukipima hii kwanza na ile baadaye, ya pili inakuta kadi imeshachemka.

#40 Bi_Takwimu
Na upime kwa kupokezana: moja ya hii, moja ya ile, usipime ishirini za hii kisha ishirini za ile.

#41 MtuWaMatondoni
Nami nina langu, si la kadi. Mwanangu, picha walinganisha za siku gani? Setilaiti hiyo yapita saa ngapi?

#42 MwanaMkomani
Yapata saa nne na nusu asubuhi kwa saa ya jua, kila siku tano.

#43 MtuWaMatondoni
Basi sikiza. Siku za bamvua huku kwetu maji hupwa saa nne hivi asubuhi. Matope yote nde, mizizi nde. Siku za maji mafu saa hiyo ndiyo yajaa. Setilaiti yako yaona mkoko uleule mara umesimama matopeni, mara umesimama majini. Ukijani wako utapanda na kushuka na mti haukukatwa hata tawi. Hiyo desimali ya saba mwaihangaikia, maji je?

#44 MwanaMkomani
Mzee wangu. Nimesimama kusoma hili. Nimerudi kwenye orodha ya picha zangu, nimezipanga kwa mwezi wa Kiislamu, na zile za "kukatwa" nyingi zimeangukia tarehe 7, 8, 22 na 23. Maji mafu. Nitaanza upya na picha za bamvua peke yake.

#45 Mlinzi_Ngomeni
Nimefurahi. Mimi nilikua nikiyaona majukwaa ya San Marco yamesimama baharini Ngomeni. Kutoka pale ndipo setilaiti ya Uhuru iliporushwa 12 Desemba 1970, ya kwanza kutengwa kwa ajili ya miale ya eksirei ya angani. Ikaitwa Uhuru kwa sababu ya siku yenyewe. Leo mtoto wa Amu anasoma picha za angani na mzee wa Matondoni anamsahihisha kwa bamvua.

#46 Kasia32
Mzee, hilo limenigusa. Turudi kwenye milisekunde 5.

#47 MwanaMkomani
Nimeshusha mashine chini, nimepokezana kama alivyosema Bi Takwimu. Alfajiri: CUDA 91, OpenCL 91. Mchana saa nane: CUDA 92, OpenCL 96. Nimerudia siku tatu. Alfajiri zinalingana, mchana zinaachana.

#48 FundiLangoni
Joto.

#49 BintiShela
Joto lingezigusa zote, ami, na sasa anapokezana. Mimi nasema ni prosesa. Kufungua bafa kwa `clEnqueueMapBuffer` kuna kazi ya draiva upande wa kompyuta, na mchana prosesa nayo imechoka kwa joto. CUDA haina hatua hiyo.

#50 Bi_Takwimu
Au mchana umeme uko chini na mashine nyingine za nyumba zinavuta. Kuna friji kwenye waya huohuo?

#51 MwanaMkomani
Kuna friji ya shangazi ya samaki, Bi.

#52 Kasia32
Friji haijui OpenCL ni nini. Mimi nasimama na draiva: njia ya CUDA imenolewa, ya OpenCL haikunolewa, na mchana ndipo makali yanapoonekana.

#53 SabakiNyekundu
Kuna njia ya kujua. Kompyuta hiyohiyo, chumba hichohicho, friji hiyohiyo, kadi ya kampuni nyingine yenye draiva nyingine. Mchana OpenCL ikibaki palepale kwenye RX 580, basi Kasia ana haki, ni draiva ya NVIDIA. Ikiyumba, ni chumba. MwanaMkomani, nakuazima kadi yangu wiki mbili. Itapanda basi la Alhamisi kupitia Garsen hadi Mokowe. Nani ataipokea?

#54 FundiLangoni
Nitaipokea mimi gatini. Itie kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, kisha kwenye ndoo yenye kifuniko, ukaze kwa utepe. Kusi limeanza, na mashua za Mokowe saa za jioni hurusha maji hadi kwenye viti vya katikati.

#55 MwanaMkomani
Allah akulipe, Sabaki. Kadi yako inakula wati 185 na ugavi wangu wa umeme ni wa wati 350, nao ni mzee. Ami, unao wa 550 wa kuniazima?

#56 FundiLangoni
Uko kabatini. Pitia kesho baada ya alasiri, tuupime kwanza kabla hujaubeba.